Kilichokwama Hakifunguliwi kwa Nyundo

Masomo: Mhubiri 10:10; Luka 13:10-17; Wagalatia 6:1-2

 

Somo letu la juma hili linatoka katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, mstari wa 10. Fungua Biblia yako usome mwenyewe. Mhubiri anazungumza juu ya chombo cha chuma kilichokuwa butu. Anatufundisha kwamba mtu asiyenoa makali yake atalazimika kuongeza nguvu, lakini hekima ndiyo inayofikisha kazi mwisho wake. Tazama vizuri: hasemi kwamba nguvu ni mbaya. Anasema kuna nguvu inayotumika kwa sababu hekima imekosekana.

Sisi watu wa Roho tunapenda sana neno kuvunja. Tunavunja minyororo, tunavunja laana, tunavunja kazi za giza. Na ni kweli, Bwana wetu anavunja! Lakini kuna vitu ambavyo Bwana hataki vivunjwe, anataka vifunguliwe. Ukivunja mnyororo, umefanya vema. Ukivunja mguu uliofungwa na mnyororo, umemsaidia nani?

Leo tunataka kufundisha neno hili kwa mfano wa mashini ya zamani ya kupiga chapa, ile ya herufi za risasi, iliyokwama na kukataa kuzunguka.

Mashini ya chapa si mgeni katika nyumba ya Injili. Karibu mwaka 1455, katika mji wa Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alimaliza kupiga chapa Biblia ya Kilatini kwa herufi za madini zilizopangwa moja moja. Na hata lugha yetu ya Kiswahili ina deni kwa mashini hizo. Edward Steere, Mwingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alijua mwenyewe kazi ya kupiga chapa. Katika misheni yake vijana waliookolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi na kupiga kurasa za Kiswahili. Fikiri juu ya jambo hilo, mpendwa. Mikono iliyotolewa katika utumwa ndiyo iliyopanga maneno ya uhuru.

Mashini tunayoizungumzia ni ya namna ile iliyotungwa na Mmarekani George Phineas Gordon katika miaka ya 1850, kisha ikaigwa na viwanda vingi. Wengi wenu hamjapata kuiona, basi tuieleze. Ina nyuso mbili za chuma. Uso mmoja unashika herufi ndani ya fremu, uso mwingine unashika karatasi. Nyuso hizo zinafunga na kufunguka kama kinywa. Juu kuna sahani ya mviringo yenye wino, na rulo zinashuka kutoka sahani ile, zinapaka herufi wino, zinapanda tena. Kando kuna gurudumu kubwa zito, na chini kuna pedali. Mtu anakanyaga kwa mguu, gurudumu linazunguka, kinywa kinafunga, karatasi inapokea neno. Haihitaji umeme hata kidogo. Hapa Kivu, ambapo umeme unakuja na kwenda kama mgeni asiyeaga, ninyi wenyewe mnajua thamani ya kitu kama hicho.

Mashini ya namna hiyo ilikuwa imekaa miaka mingi katika ghala la kanisa, tangu fundi wake alipofariki. Uzito wake wapata kilo 500. Mvua yetu inaanza Septemba na kuendelea hata Mei, na unyevu wake unaingia kila mahali. Gurudumu lilikataa kabisa kuzunguka. Shauri likaja la kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, wale wanaopima kwa kilo. Na kusema kweli, kwa macho ya mizani, mashini iliyokwama na chuma cha kutupwa ni kitu kimoja. Wazee wakasema, kabla ya kuuza, aitwe mzee mmoja aliyefanya kazi ya chapa tangu ujana wake.

Mzee alipofika, kijana mmoja mwenye nguvu alikuwa tayari na nyundo. Akasema, "Papa, tukipiga hapa kwa gurudumu mara mbili, itaachilia."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, hiki ni chuma cha kumimina, si chuma cha kufua. Chuma cha kufua ukikipiga kinapinda, na unaweza kukinyoosha. Chuma cha kumimina hakipindi. Kinavunjika. Na kikivunjika, duka la kununua kipande kingine halipo. Weka nyundo nje ya mlango."

Basi, wapendwa, katika kazi ya mzee yule tunataka mshike mambo matatu.

JAMBO LA KWANZA: TAFUTA MAHALI INAPOSHIKA

Mzee hakugusa gurudumu siku ile ya kwanza. Aliomba taa na kiti kidogo, akakaa, akatazama. Kwanza alijaribu mkono wa kushoto wa mashini, ule wa kusogeza nyuso mbali zisigusane, kusudi ajue kama ulikuwa mahali pake. Wakati mwingine mashini inaonekana imekufa, kumbe ni mkono ule tu uliobaki katikati. Kisha akatoa fremu ya herufi. Akatoa rulo, maana rulo ni laini, zinaharibika upesi kuliko chuma. Rulo za zamani zilitengenezwa kwa gundi na maji matamu ya miwa, na panya wanazipenda. Hizi panya walikuwa wamekula robo tatu.

Baada ya hapo akaingiza taa kati ya meno ya magurudumu madogo. Akakaa kimya muda mrefu. Mwishoni akaita koleo nyembamba, akachomoa kipande cha risasi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Ni kile kipande kisicho na herufi, kinachowekwa katikati ya maneno kwa kutenganisha. Kilikuwa kimeanguka na kuuma katikati ya meno mawili.

Kilo 500 zilizuiwa na kipande cha risasi cha gramu chache! Kama kijana yule angalipiga nyundo, au watu wanne wangalisukuma gurudumu kwa nguvu, jino la chuma lingalivunjika, na mashini ingalikufa kweli.

Ndugu, kuna watu waliosimama katika imani kwa sababu ya jambo dogo ambalo hakuna mtu aliyeinama kulitazama. Mama mmoja anaacha kuja kwenye ibada ya siku ya yenga. Sisi tunasema, amerudi duniani. Kumbe hana kiatu, au mtu alimwambia neno mlangoni, au anadaiwa na dada anayekaa naye benchi moja katika kwaya. Tunaomba kwa sauti kubwa juu ya gurudumu, na kipande cha risasi kinabaki palepale katika meno.

Katika Yoshua sura ya 7, Israeli wote walishindwa mbele ya mji mdogo wa Ai kwa sababu ya kitu kilichofichwa chini ya hema moja. Mungu hakumwambia Yoshua aongeze askari. Alimwambia atafute. Lakini sikieni vizuri: si kila aliyekwama ni Akani. Mwingine ameficha dhambi, ni kweli, na dhambi hiyo inapaswa kutolewa. Mwingine mkono wake umebaki katikati tu, hajui kama yuko ndani au yuko nje, anahitaji mtu wa kumwonyesha. Na mwingine amekauka. Huyo ndiye tunayemfikia sasa.

JAMBO LA PILI: LAINISHA, KISHA NGOJA

Kipande cha risasi kilipotoka, watu walipiga makofi. Mzee akajaribu gurudumu kwa mkono mmoja. Halikusogea. Watu wakanyamaza.

Mzee akasema, "Hiyo ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni njaa. Mashini hii haijakula mafuta kwa miaka."

Mashini ya namna hii ina matundu madogo mengi ya kutilia mafuta, kila mahali chuma kinapozunguka ndani ya chuma. Mafuta ya zamani yakikaa bila kazi hayabaki mafuta. Yanakauka, yanakuwa kama gundi, kisha kama rangi ngumu. Kile kilichowekwa kwa kulainisha sasa ndicho kinachoshika! Tena nyigu walikuwa wamejenga nyumba zao za udongo ndani ya matundu, hata mtu angemwaga mafuta juu, yasingeingia.

Mzee akachukua waya mwembamba, akasafisha tundu moja kwa moja. Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Kisha akaanza kutia mafuta ya taa, matone machache kila tundu, asubuhi na jioni. Alikataza mtu yeyote kuwasha moto karibu, na mlango ulibaki wazi. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna kitu. Vijana wakaanza kucheka. Siku ya nne, kando ya chuma kimoja, yakatoka machozi ya rangi ya kahawa, mafuta machafu na kutu. Mzee akafurahi kuliko siku ya kipande cha risasi. Akasema, "Sasa imeanza kulia. Itafunguka."

Wapendwa, mafuta ya jana hayatoshi kwa mwendo wa leo. Kuna mtu aliyejazwa Roho miaka 20 iliyopita, akanena kwa lugha, akahubiri sokoni, na leo anasimulia siku ile kila wakati. Lakini ushuhuda usiofanya kazi unakauka. Ulikuwa mafuta, sasa umekuwa gundi. Anashika nafasi yake, anashika cheo chake, anashika uchungu wake, na hazunguki tena. Mtu kama huyo usimpigie kelele. Matundu yake yamezibwa na udongo wa miaka mingi. Maneno mazuri unayoyamwaga yanapita juu. Chukua waya. Anza na tundu moja. Mtembelee. Mwulize habari ya watoto. Rudi tena kesho, na kesho kutwa, hata kama hakuna kitu kinachoonekana. Anayetia mafuta anafanya kazi ambayo hakuna mtu anayeipigia makofi, lakini ndiyo kazi inayofungua.

Katika Wagalatia 6:1, mtume Paulo anaagiza wenye Roho wamrudishe ndugu aliyekamatwa katika kosa, tena kwa upole. Neno la Kigiriki analolitumia kwa kumrudisha mtu ni lile lile linalotumika katika Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana walipokuwa wanatengeneza nyavu zao. Ninyi wavuvi wa ziwa Kivu na ziwa Tanganyika mnajua. Wavu uliofungamana hauvutwi kwa nguvu. Ukivuta, fundo linakaza. Mtu anakaa chini, anaweka wavu juu ya magoti, anafungua uzi mmoja, kisha mwingine.

JAMBO LA TATU: MBELE KIDOLE KIMOJA, NYUMA KIDOLE KIMOJA

Siku ya saba mzee alishika gurudumu kwa mikono miwili. Hakusukuma. Alilitikisa tu, mbele na nyuma, kama mama anayebembeleza mtoto. Likasogea upana wa kidole. Watu wakapiga kelele za shangwe, na kijana yule akaruka kushika gurudumu asukume. Mzee akamzuia. "Rudisha nyuma kwanza," alisema. Mbele kidole kimoja, nyuma kidole kimoja. Tone la mafuta. Mbele vidole viwili, nyuma vidole viwili. Hivyo kutu inasagika polepole na kutoka, haikusanyiki mahali pamoja na kushika tena.

Kuna sababu nyingine. Mashini iliyoshikwa kwa nguvu ikiachilia ghafla, kinywa kile cha chuma kinafunga, na kinaweza kuponda vidole vya yule aliyetaka kusaidia. Saa kumi za jioni gurudumu lilizunguka mzunguko mzima. Ndipo wakasafisha mafuta ya taa yote, wakatia mafuta mazito ya mashini katika kila tundu. Rulo mpya zilisubiriwa majuma mengi. Leo mashini ile inapiga bahasha za sadaka na kadi za ubatizo.

Wapendwa, usishangae ndugu anayefunguliwa akirudi nyuma kidogo. Juma hili amekuja, juma lijalo hakuja. Ameacha pombe miezi miwili, kisha ameanguka siku moja ya posho. Wengine wanasema, mnaona, tulisema! Hapana. Mbele kidole kimoja, nyuma kidole kimoja. Swali ni kama anasogea. Kama anasogea, tia mafuta, usipige.

SASA TUSEME NENO GUMU

Ndugu watumishi na wazazi, hatuwezi kumaliza somo hili bila kugusa jambo linalofanyika katika miji yetu, tena wakati mwingine kwa jina la Yesu. Mtoto anakojoa kitandani. Mtoto ameshindwa shuleni. Mtoto amefiwa na mama, amenyamaza, hazungumzi na mtu. Baba hana kazi, au mama mdogo hampendi. Kisha mtu anasema, huyu mtoto ni mchawi. Anapelekwa mahali pa maombi. Ananyimwa chakula siku tatu. Anapigwa mpaka akiri. Na mtoto mwenye njaa na maumivu atakiri kitu chochote unachotaka.

Hiyo si huduma ya kufungua. Hiyo ni nyundo juu ya chuma cha kumimina. Mtoto hapindi. Anavunjika. Na duka la kununua mtoto mwingine halipo.

Someni Luka 13, kuanzia mstari wa 10. Mwanamke alikuwa amepindika miaka 18, hawezi kabisa kujinyoosha. Na pale Maandiko yenyewe yanasema kwamba alikuwa na pepo wa udhaifu, na Bwana mwenyewe anasema Shetani alimfunga. Basi Yesu alifanya nini? Je, alimpiga? Alimfungia chumbani? Alimnyima chakula? Alimwuliza mbele ya watu ni nani aliyempa uchawi? Hakuna hata kimoja. Alimwona. Akamwita. Akamwambia amefunguliwa. Akaweka mikono juu yake. Akanyooka palepale, akamtukuza Mungu. Tena Bwana akawakumbusha wale waliokasirika kwamba hata ng'ombe na punda wanafunguliwa siku ya Sabato na kupelekwa maji. Sikieni neno hilo: mnyama anafunguliwa ili anywe maji! Na sisi tumfunge mtoto na kumnyima maji, kisha tuseme tunamfungua?

Kama hata palipo na pepo kweli Bwana hakutumia fimbo, sisi tumepata wapi ruhusa ya kuitumia kwa mtoto ambaye ana huzuni tu?

Tena sheria ya inchi yetu iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu kwa anayefanya hivyo. Mchungaji hana kinga mbele ya sheria hiyo. Lakini kabla ya hakimu wa duniani, yuko Yeye aliyewaita watoto wadogo waje kwake.

Kama nyumbani mwako kuna mtoto aliyekwama, fuata njia ya mzee yule. Toa nyundo nje ya mlango. Keti, washa taa, tazama. Je, anasikia vizuri? Anaona ubao? Amekula? Nani anamwumiza? Analia nani aliyekufa? Mpeleke kwa mganga wa hospitali, zungumza na mwalimu wake. Kisha omba, omba kila siku, weka mikono kwa upole. Maombi si adui wa taa. Na kama mtumishi fulani anakuomba umwachie mtoto usiku mzima kwa kupigwa, mchukue mtoto wako urudi naye nyumbani.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI VYA MAOMBI

1. Ni nani kati yetu aliyesimama, na ambaye tumekuwa tukimsukuma bila kutafuta mahali anaposhika?

2. Je, ushuhuda wetu bado ni mafuta, au umekuwa gundi?

3. Juma hili nitatia tone la mafuta kwa nani, na siku gani nitarudi tena?

4. Je, tunajua mtoto mtaani mwetu anayeitwa mchawi? Nani kati yetu atakwenda kumtazama kesho?

TUOMBE

Baba wa mbinguni, asante kwa kuwa hukututupa tulipokwama. Watu walitupima kwa kilo, wewe ulituona kama kazi ya mikono yako. Ondoa nyundo mikononi mwetu. Tupe macho ya kuona kitu kidogo, mikono ya kusafisha, na moyo wa kungoja. Tia mafuta mapya ya Roho wako ndani ya kila mmoja aliyekauka. Wafungue watoto wanaoteswa usiku huu, na uwape watumishi wako mapendo na hekima. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba.

Na kanisa lote liseme: Ameni!